Dalali Aliyetaka Tabasamu

Mzee Flashi alipoambiwa na mkewe kwamba anatafuta dalali, alidhani nyumba inauzwa na yeye akiwa ndani. Madalali aliowajua ni wale wa viwanja, wanaokuonyesha shamba la mtu mwingine kwa kujiamini hadi mwenye shamba mwenyewe anaanza kuwa na wasiwasi. Kijiko kikasimama njiani kati ya sahani na mdomo.

"Dalali wa nini tena?"

"Wa hisa," alisema mkewe. "Nataka kununua hisa za kiwanda cha sabuni."

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Sare, na hakupewa jina hilo bure. Tangu ujana wake alikuwa akishona makoti ya kazi ya kiwanda hicho, yale ya khaki yenye mifuko miwili mbele na kitanzi mgongoni. Mfanyakazi hakuweza kutoka pale langoni bila mgongo wake kuwa umepita chini ya sindano ya Mama Sare. Fedha zake za ushonaji zilikaa benki, hazifi wala hazizai, mpaka siku aliposikia redioni kwamba mtu wa kawaida anaweza kununua kipande kidogo cha kampuni, akawa mmojawapo wa wenye mali, na kampuni ikipata faida akagawiwa na yeye. Hilo likamkaa rohoni.

"Nimewavisha tangu nina nywele nyeusi," alimwambia mumewe. "Sasa na mimi nataka wanivishe."

Mzee Flashi hakuwa na la kupinga. Yeye alikuwa mpiga picha, mwenye chumba kimoja kando ya barabara, chenye pazia la buluu, pazia jeupe, taa mbili zenye miavuli na kigoda kilichokaliwa na mji mzima. Nyuma ya mlango kulikuwa na koti na tai vya kuazima, kwa wale wanaotaka kuonekana wakubwa kifuani huku chini wamevaa kaptula. Alijua kazi yake vizuri na mambo mengine yote aliyajua kwa kusikia. Habari za fedha alimwachia mkewe muda mrefu uliopita, na nyumba haikuwahi kulala njaa.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa hakisemwi ndani ya nyumba ile. Miaka miwili nyuma Mama Sare aliamka asubuhi na kukuta upande wa kulia wa uso wake umelegea. Mdomo ulivutwa kando, shavu likashuka, na jicho likakataa kufumba. Daktari alisema ni mshipa wa uso, wengine hupona baada ya wiki chache, wengine hupona nusu. Yeye alipona robo. Mikono ilikuwa mizima, cherehani haikulala, na ulimi wake, mumewe anaweza kuapa, haukupungua makali hata kidogo. Lakini tangu siku ile alikataa picha. Mke wa mpiga picha! Hata kwenye harusi ya binti yao alimbeba mjukuu wa mtu mbele ya uso wake tangu mwanzo hadi mwisho, mtoto akalia, akanyamaza, akalala, na kila picha ikatoka na mama wa bibi harusi mwenye kichwa cha kitoto kichanga.

Mzee Flashi hakumlazimisha. Alijifunza kukaa kushoto kwake mezani, kutembea kushoto kwake njiani, na kuzungumza mambo mengine.

Basi, dalali. Binti yao, anayefanya kazi hotelini katika mji mwingine, aliwatajia kwa simu madalali watatu wanaofanya kazi mtandaoni, wote unawapakua kwenye simu yako. Mama Sare hakujisumbua na majina yao marefu. Aliwabatiza majina ya vitambaa, na jioni baada ya kula akavaa miwani, akawakunjua mmoja mmoja mezani.

"Huyu wa kwanza namwita Nailoni," alisema. "Anang'aa. Angalia, magari, watu wanacheka, anasema hela yako itazaa maradufu kabla ya mvua."

"Si vizuri?"

"Hela haizai maradufu kabla ya mvua, mume wangu, isipokuwa kwa mwizi. Mamlaka ya masoko ya hisa wameweka kwenye tovuti yao majina ya madalali wenye leseni. Nimemtafuta huyu mpaka macho yameniuma. Hayupo."

"Labda wamemsahau."

"Wamsahau vipi mtu anayepiga kelele hivi? Huyu ni mbuzi kwenye gunia."

Nailoni akafutwa. Wa pili alikuwa Hariri. Hariri alikuwa na leseni, alikuwa mzuri wa kutazama, na hakutoza chochote ukinunua hisa. Mzee Flashi alishampenda. Mkewe akashuka chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo maandishi huwa madogo kwa makusudi.

"Umeona? Usipofanya biashara mwezi mzima, anakukata ada. Mimi nataka ninunue nikae nazo. Huyu atanitoza kwa kukaa kimya."

"Wewe, kukaa kimya?" alisema Mzee Flashi. "Hutalipa hata senti."

Akapigwa kwa kitambaa cha meza begani, wakacheka wote wawili. Ilikuwa jioni nzuri.

Wa tatu alikuwa Khaki. Hakuwa na mbwembwe. Alitoza kamisheni kidogo kila ununuapo, akaisema wazi pale juu, na baada ya hapo hakudai kitu. Unaweza kuanza na fedha kidogo. Hisa zinaandikwa kwa jina lako mwenyewe kwenye hifadhi kuu ya soko la hisa, hivyo hata dalali akifunga duka kesho, hisa zako hazifungwi naye. Mama Sare alikuwa amewapigia simu mchana, na aliyepokea alikuwa mtu, si mashine ya kubonyeza moja, bonyeza mbili. Alimuuliza swali moja tu: naweza kuweka hela kidogo, nikaitoa, kabla sijanunua chochote? Wakamwambia ruksa.

"Kitambaa kipya unakata kipande, unakiloweka, unaona kama kinachuja," alisema. "Huyu nimemkubali. Haba na haba, tutafika."

Alijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Alikuwa mwepesi, vidole vyake vilizoea vitu vidogo. Kisha kioo cha simu kikawa cheupe, likatokea duara tupu katikati, na chini yake maneno: *Weka uso wako ndani ya duara. Pepesa macho. Tabasamu.*

Mama Sare aliyasoma mara ya kwanza, akayasoma tena. Kisha akailaza simu mezani, kioo chini.

"Hariri anafaa," alisema.

"Lakini ada ya kila mwezi…"

"Hariri anataka picha ya kitambulisho tu. Nitalipa."

"Mke wangu, umesema mwenyewe…"

"Nimesema nitalipa." Akavua miwani, akaanza kukusanya vyombo ambavyo vilikwisha kukusanywa.

Moyo ulimuuma Mzee Flashi, na niseme wazi kwamba haikuwa kwa sababu ya ada. Mwanamke huyu alikuwa na uwezo wa kubishana na muuza vitambaa mpaka muuzaji akasahau bei aliyonunulia, na sasa alikuwa tayari kukatwa fedha kila mwezi, maisha yake yote, ili tu asitabasamu mbele ya simu. Mzee alitaka kusema neno. Akakata shauri kutenda badala ya kusema, na huko ndiko wanaume wengi huharibu.

Asubuhi aliomba simu ya mkewe, eti aisafishe lenzi kwa dawa za studio. Alipofika studio aligeuza kibao cha mlangoni kikasoma *Tumefunga*, akawasha taa zote mbili, akaenda dirishani. Pale dirishani, kama tangazo la kazi yake, ilining'inia picha kubwa ya Mama Sare aliyoipiga wiki ya uchumba wao. Hereni za duara, shingo ndefu, kicheko kimejaa uso mzima. Aliirekebisha mwenyewe kwa brashi nyembamba enzi hizo, ikamchukua siku nyingi. Watu walikuwa wakiingia studio wakisema, nipige nitoke kama huyu.

Mawazo yake yalikuwa hivi. Uso kwa mashine ni nini? Ni mwanga na kivuli. Na nani katika mji huu anayejua mwanga na kivuli kumzidi yeye? Akaisimamisha picha juu ya kigoda, akafungua ombi la Khaki lililoishia kwenye duara, akaiweka picha sawa na duara hilo, akaondoa mng'ao wa kioo kwa kuinamisha taa, akabonyeza.

*Pepesa macho*, programu ikasema.

Mzee Flashi alikuwa ametumia maisha yake akiwaambia watu, "Kidevu juu, usicheke, usipepese!" Sasa alisimama peke yake mchana kweupe, akiiomba picha ipepese. Alipitisha kivuli cha kalamu mbele ya macho ya picha. Programu ikakataa. Akaitikisa kidogo. Ikakataa. Mara ya tatu akajaribu kupitisha mkono wake mwenyewe, polepole, kama anayemfukuza nzi, na simu ikatoa mlio mfupi, maneno mekundu yakatokea: *Hatuoni mtu aliye hai. Ombi limesimamishwa. Ofisi itawasiliana nawe.*

Alilisoma lile neno, *aliye hai*, akaketi juu ya sanduku la taa. Baadaye aliirudisha picha dirishani na simu akairudisha nyumbani, lenzi inameremeta. Chakula cha mchana alikila ametulia kama maji mtungini. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko kawaida.

Alasiri alikuwa akimpiga kijana mmoja picha ya kitambulisho. Kijana alikuwa ndani ya koti la kuazima, kidevu juu, pumzi ameibana, Mama Sare alipoingia na sentimita yake ya fundi shingoni. Hakusalimia. Alikaa kwenye benchi akasubiri. Mzee Flashi akapiga picha ile mara nne bila sababu, maana alijua kijana akishatoka, mlango utafungwa.

Kijana akatoka. Mlango ukafungwa.

"Nimepigiwa simu," Mama Sare alisema. "Na dada wa ofisi ya Khaki. Ananiambia, mama, kuna tapeli amejaribu kufungua akaunti kwa jina lako, ametumia picha ya karatasi. Namuuliza, picha ipi? Ananiambia, ya mama kijana, ana hereni za duara, anacheka."

Mzee Flashi akaitupia jicho picha ya dirishani.

"Nikamwambia, mwanangu, huyo tapeli namjua. Namfulia nguo."

"Mke wangu, nilitaka nikuondolee usumbufu."

"Ulimpeleka yule." Alinyoosha kidole dirishani bila kugeuka. "Ulipotakiwa unipeleke mimi, ukampeleka yule."

"Si wewe yule?"

"Ni mimi?" Sauti yake ilipanda, ikatetemeka, ikarudi chini. "Hebu niambie kitu kimoja. Tangu nimeugua umeshawahi kukaa upande wangu wa kulia? Mezani unakaa kushoto. Njiani unatembea kushoto. Kwenye harusi ya mwanetu kulikuwa na kiti kitupu kulia kwangu, ukaenda kumwinua shemeji yako kushoto ili ukae pale. Unadhani sioni? Jicho linakataa kufumba, mume wangu, halikatai kuona. Wanasema akipenda, chongo huita kengeza. Wewe hata hilo kengeza hutaki kulitazama."

Hapo Mzee Flashi alipaswa kusema. Alikuwa nayo ya kusema, tena mengi. Alitaka kumwambia kwamba ni mazoea ya kazi, kwamba mpiga picha humpa kila mtu upande wake ule anaoupenda, kwamba alidhani anamsitiri. Lakini aliona jinsi kila neno kati ya hayo litakavyosikika. Alisimama ameshika kifuniko cha lenzi, akikizungusha, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Mama Sare alisubiri. Alimpa nafasi ya kutosha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye alipolikumbuka.

"Haya," alisema mwishowe, akasimama. "Kesho asubuhi wananipigia simu ya video. Ana kwa ana. Nisipotokea, wanaliandika kuwa jaribio la wizi, wanalipeleka mbele."

"Nitakwenda mimi ofisini kwao. Nitawaambia ni mimi."

"Wakufunge? Majora yangu ya vitambaa nani atanibebea?" Alikuwa ameshafika mlangoni. "Nitaongea nao mwenyewe. Wewe utanishikia simu. Hiyo si ndiyo kazi yako?"

Siku hiyo iliyobaki walizungumza kama wageni wa hoteli moja. Chumvi iko wapi, chumvi hii hapa.

Asubuhi Mama Sare alipanga chumba chake cha kushonea kama anayesubiri mkwe. Alifagia vipande vya nyuzi, akafunika cherehani, akavaa gauni la kijani lenye kola aliyoishona mwenyewe. Akakaa akielekea dirisha. Mzee Flashi akasimama mbele yake na simu, mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mkewe akawa mbele ya lenzi aliyoishika yeye. Hakumwambia ainue kidevu. Hakumwambia kitu.

Simu ikalia. Akatokea dada kijana mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni, nyuma yake ukuta mweupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani kwa usumbufu, nitakupa maelekezo machache, ni utaratibu tu. Naomba uvue miwani. Asante. Geuka kushoto. Sasa geuka kulia."

Mama Sare aligeuka kushoto. Ilipofika zamu ya kulia alikawia kidogo, akapiga moyo konde, akageuka.

"Asante. Sasa fumba macho."

Jicho la kushoto likafumba. La kulia likashuka nusu, likabaki na ufa mweupe chini.

"Yote mawili, mama."

"Ndiyo nimeyafumba. Hili ndivyo linavyofumba."

"Samahani sana, mama. Sikujua."

"Usinipe samahani, niandikie. Andika, linafumba nusu. Endelea."

"Kuna… kuna la tabasamu pia. Kama hutaki tunaweza…"

"Nataka," alisema Mama Sare, na akatabasamu. Upande mmoja ukapanda wote, mpaka kwenye jicho. Upande wa pili ukabaki chini, ukivutwa na mwenzake kidogo tu kwenye pembe ya mdomo. Alilishikilia tabasamu lile mbele ya mgeni, mgongo umenyooka.

"Nimekuona, mama," dada alisema. "Asante."

Walidhani yamekwisha. Lakini yule dada alitazama pembeni, akabonyeza vitu, akauma mdomo. Picha ya kitambulisho ilipigwa kabla ya ugonjwa, alieleza, na mashine inasema nyuso hizi mbili hazifanani vya kutosha. Na kwa kuwa jana lilitokea lile jambo, utaratibu unataka ashuhudie mtu anayemfahamu kwa muda mrefu. Je, yupo mtu karibu?

"Yupo mume wangu. Ndiye ameshika simu." Mama Sare akamtazama mumewe. "Ndiye tapeli."

Dada alicheka kabla ya kujizuia. Kisha akarudi kwenye sauti yake ya kazi. "Baba, naomba uingie kwenye picha."

Mama Sare akaipokea simu, mzee akaja akainama pembeni yake, kipara chake kikameremeta pale pembeni. Alijitambulisha. Alikiri la jana, akaomba radhi. Dada akasoma swali lake kama lilivyoandikwa.

"Je, unathibitisha kwamba huyu uliye naye ndiye mwenye kitambulisho hiki?"

"Ndiye."

"Unamtambuaje?"

Swali dogo. Jibu fupi lingetosha, ni mke wangu, basi. Hata yule dada vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuliandika hilo. Lakini Mzee Flashi alikuwa amebeba jibu tangu jana, ameshinda nalo na kukesha nalo, na sasa kwa kuwa aliyeuliza alikuwa mgeni, likatoka.

"Kwa jicho," alisema. "La kulia. Hilo lililobaki wazi ulipomwambia afumbe yote mawili. Daktari alituambia likikaa wazi usiku litakauka, litaharibika, anaweza akalipoteza. Akampa dawa ya kupaka, akasema na usiku alifunge kwa utepe. Utepe alivaa siku mbili, ukamwasha, akautupa. Akisema hataki, hataki, huyu." Alisogea karibu na kioo cha simu. "Basi, mimi huwa nangoja alale. Akishalala nalifunga kwa kidole. Taratibu. Halikai, unajua, nikiliachia linarudi. Nalifunga tena. Siku nyingine nami nashtuka asubuhi nimelala kidole bado kipo palepale juu ya jicho."

Nje mtu alikuwa akiburuta ngazi juu ya saruji.

"Kwa hiyo ukiniuliza namtambuaje," aliendelea, sauti sasa imepasuka, "mimi hata gizani namtambua. Mchana nilikuwa nakaa upande wa pili kwa sababu nilidhani hapendi kutazamwa. Nilikosea. Sikujua kusema. Lakini huo upande anaodhani siutazami, huo ndio ninaoujua kuliko mwingine wote. Andika hivyo, mwanangu. Kama kuna nafasi."

Dada alionekana akishughulika na pua yake, amegeukia ukuta.

"Nimeandika, shahidi anamtambua," alisema hatimaye. "Mama, akaunti yako imefunguliwa. Karibu sana. Utapata ujumbe."

Ujumbe ukaingia, simu ikatetemeka mkononi mwa Mama Sare. Hakuutazama. Dada alikuwa ameshaaga na kioo kimekuwa cheusi, na yeye bado alikuwa ameishika vilevile mbele yake. Jicho la kulia lilikuwa likichuruzika, lakini hilo hata upepo hulichuruzisha. La kushoto nalo lilikuwa likichuruzika, na la kushoto halikuwa na kisingizio.

"Daktari wa macho," alisema polepole, "kila nikienda anashangaa. Anasema jicho hili limehifadhika vizuri kuliko alivyotegemea. Mimi namwambia ni dawa yako nzuri. Nikamsifia."

"Dawa nayo imesaidia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoutupa utepe."

"Kila siku?"

"Ukilala."

"Na mimi kuna usiku nashtuka kidogo, nahisi kitu usoni, najiambia ni huyu mzee anapapasa usingizini." Akacheka, akajifuta pua kwa ncha ya sentimita, jambo ambalo fundi cherehani hafanyi. "Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa. Kama utepe."

Alifikiri juu ya hilo, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa haki, aliinamisha kichwa kukubali kwamba ndiyo, angekataa. Kisha akaweka simu juu ya cherehani, pamoja na Khaki na kiwanda cha sabuni na kila kitu kilichokuwa kikimngoja humo ndani, akamgeukia mumewe uso wote.

"Leo," alisema, "usisubiri nilale."